Unanunua Betri, Si Drili: Somo Nililopewa na Ukuta wa Mama

Wiki chache kabla ya Ramadhani mama alianguka bafuni. Hakuvunjika, alhamdulillahi, lakini nyonga ilimuuma siku nyingi, na tangu hapo akawa haingii bafuni mpaka mtu asimame mlangoni. Daktari hakuandika dawa nyingi. Alisema tuweke vishikio viwili vya chuma ukutani, kimoja pale anapoinuka na kingine kando ya mlango. Kila kishikio skrubu sita.

Fundi niliyemuuliza aliniambia shilingi 3,000. Nikapiga hesabu ambayo wengi wetu twaipiga: nikiongeza kidogo juu ya pesa ya fundi, si napata drili yangu mwenyewe ibaki nyumbani? Siku hizi huwezi kufungua simu usikutane na tangazo la drili ya betri, na huwezi kupita mjini usione masanduku yake yamepangwa mpaka barazani. Nikaingia duka moja, nikatoka na sanduku jekundu lililoandikwa 88V kwa herufi kubwa. Ndani mna drili, betri mbili, chaja na ncha za kutobolea za kila saizi. Shilingi 4,800.

Tundu la kwanza lilitoboka. La pili lilipanuka likawa kubwa kuliko plagi ya plastiki niliyokusudia kuitia. Kwenye la tatu betri ilizima, na ya pili ikafuata muda mfupi baadaye. Nikasubiri ikajaa, nikamaliza, nikafunga kishikio. Kwa macho kilikuwa kizuri kabisa. Nikakishika kwa mikono miwili nikakivuta kama mtu anayeinuka, kikatoka chote pamoja na vumbi la chokaa. Nilimshukuru Mungu kwamba nilikivuta mimi na si yeye.

Mama alikuwa amekaa kitandani akisikiliza zile kelele. Akasema: "Mwanangu, ukuta huu una miaka kunshinda mimi na wewe. Waupigani?"

Si shilingi 4,800 zilizonifanya niandike. Masanduku haya yameingia kila nyumba, kuanzia Kibokoni hadi Likoni na Kisauni, na yanauzwa kwa mtu wa kawaida anayetaka kutoboa matundu kumi kwa mwaka. Mtu huyo hana mahali pa kuuliza. Muuzaji atamwambia yote ni mazuri, na sanduku litamdanganya kwa namba. Mwisho wake ni pesa iliyopotea, au rafu, televisheni au kishikio kilichofungwa vibaya, kinachongoja siku ya kuanguka.

Namba kubwa, nguvu ndogo

Tuanze na ile 88V, kwa sababu ndiyo iliyoninunulisha.

Betri ya drili ni sanduku dogo lenye seli ndani yake. Seli za lithiamu ni za duara, zimezidi kidole gumba kidogo kwa ukubwa, na kila moja ina volti 3.6 kwa kawaida na volti 4.2 ikijaa kabisa. Drili nyingi za nyumbani hutumia seli tano zilizofuatana. Zidisha 3.6 kwa tano upate 18. Zidisha 4.2 kwa tano upate 21. Kwa hivyo drili iliyoandikwa 18V, iliyoandikwa 20V na iliyoandikwa 21V zaweza kuwa na betri ileile kabisa ndani. Kampuni ya DeWalt, kwa mfano, huuza mashine zake Marekani kwa jina la 20V Max na Ulaya huziita 18V. Nguvu haikubadilika njiani, ni lebo tu.

Sasa 48V, 88V au 128VF zatoka wapi? Kwenye masanduku ya bei ya chini, hazitoki popote. Nilipoifungua betri yangu baada ya kuchoka nayo, nilikuta seli tano. Seli tano za lithiamu haziwezi kutoa volti 88 hata zikiombewa dua. (Nawe usiifungue betri nyumbani. Seli ikigusana vibaya inaweza kushika moto, na mimi nilifanya ujinga.)

Namba ya pili ya kutazama ni ile yenye herufi Ah, inayoonyesha betri ina akiba kiasi gani. Fikiria mtungi wa maji: volti ni kasi ya maji yanavyotoka, Ah ni ukubwa wa mtungi. Betri ya 18V na 2Ah ina wati-saa 36, na ya 4Ah ina 72. Betri nzuri huandikwa hizi wati-saa, Wh, kwa uwazi. Ikiwa kuna namba moja tu kubwa ya volti na Ah haipo, huyo ni mtu anayekwambia kasi ya maji lakini hataki uone mtungi.

Kipimo ambacho hakihitaji elimu ni uzito. Betri ya kweli ya 18V na 2Ah ina uzito wa takriban gramu 350 hadi 400. Ya 4Ah, yenye seli kumi, hupita gramu 600. Ukiishika betri inayodai kuwa ya 4Ah ukaiona nyepesi kama pakiti ya majani ya chai, irudishe mezani.

Jina la duka au jina la betri?

Wazee wetu maseremala walikuwa na keke, ile drili ya kuzungushwa kwa uta. Keke ilikuwa ya fundi mpaka afe, na ikiharibika aliitengeneza mwenyewe. Drili ya betri si hivyo. Mota yake yaweza kuishi miaka kumi kwa mtu wa matumizi madogo, lakini betri huzeeka hata ukiiweka kabatini bila kuigusa. Kwa hivyo swali la kwanza dukani lisiwe "drili hii bei gani?" Liwe hili: "Betri yake peke yake mnauza? Bei gani? Na mwaka ujao nitaipata?"

Muuzaji akikwambia betri haiuzwi peke yake, basi umenunua kitu cha kutupa. Akikutajia bei, usishtuke. Mara nyingi betri moja pekee hukaribia nusu ya bei ya seti nzima, na hapo ndipo utaona kwamba kile ulichokiita drili kwa kweli ni betri iliyofungwa mota.

Jambo la pili ni kwamba kwa kawaida betri za kampuni moja haziingii kwenye mashine za kampuni nyingine. Wakati mwingine hata ndani ya kampuni moja haziingiliani: Bosch ina mashine za kijani za nyumbani na za buluu za mafundi, na betri za 18V za kijani haziingii kwenye za buluu. Ukishachagua betri, umechagua ukoo. Faida yake ni kwamba ukishakuwa na betri na chaja, mashine ya pili, iwe msumeno au grainda, unaweza kuinunua mwili mtupu kwa bei ya chini sana.

Hapa kuna mtego mwingine. Drili nyingi zisizo na jina zimetengenezwa zitumie betri zenye umbo la betri za Makita, na betri za kuiga zenye umbo hilo zimejaa kila mahali. Watu husema, "Hii ni sawa na Makita." Umbo ni sawa. Seli za ndani na kile kisahani kinachozuia betri isijae kupita kiasi ni habari nyingine. Sina ugomvi na anayenunua betri ya kuiga akijua anachonunua. Shida ni anayelipa bei ya asili akapewa ya kuiga.

Kwa mtu wa matumizi ya nyumbani, hana haja ya jina la bei kubwa kuliko yote. Majina ya kati kama Ingco na Total yapo kwenye hadiwea nyingi za Kenya, na kwa matundu machache kwa mwezi yanatosha. Katika daraja hilo tazama vitu vinne: 18V au 20V, betri ya 2Ah, kishikio cha ncha kinachopokea hadi milimita 13, na kasi mbili zinazobadilishwa kwa swichi ya juu. Mota isiyo na kaboni hula betri kidogo na hudumu, lakini ukikuta tofauti ya bei ni kubwa, usijitese. Kaboni hubadilishwa, na kwa kazi ya nyumbani huenda usizimalize.

Kwani lazima iwe ya betri?

Swali hili sikujiuliza, na ndilo lingeniokolea pesa. Kama nyumba yako ina stima na wewe watoboa mara tatu kwa mwaka, drili ya waya ni bora kwako. Haina betri ya kuzeeka. Utaiweka miaka mitano kabatini, utaitoa, utaichomeka, itafanya kazi. Na kwa pesa ileile hupata mashine yenye nguvu zaidi.

Ya betri ina mahali pake. Bafuni penye maji si pa kuburuta waya wenye volti 240. Juu ya paa, ndani ya mashua, shambani Kilifi ambako nguzo ya stima haijafika, au siku ambayo stima imekatika na mlango umeng'oka bawaba, hapo ya betri ni rehema. Pia kwa kufungua na kufunga skrubu za kitanda na kabati ni nyepesi mkononi. Kwa kazi ya skrubu peke yake hata ya 12V inatosha.

Wenye nyumba za zege pia wasidanganyike. Boriti na sakafu ya zege huishinda drili ndogo ya betri. Utaibonyeza mpaka itoe moshi na tundu likawa la sentimita mbili. Kazi hiyo yataka mashine ya nyundo ya mafundi, ile yenye ncha za kuchomeka bila kukaza. Usiinunue kwa matundu manne. Mwite fundi.

Ukuta wetu si wa kwenye tangazo

Nilirudi kwa fundi yule wa shilingi 3,000, kichwa chini. Ni mzee, sote twamwita Ami. Alitazama matundu yangu, akagusa kingo zake kwa kidole, akaniuliza: "Uliwasha nyundo?"

Drili nyingi zina alama tatu kwenye pete: skrubu, ncha na nyundo. Mimi niliona ukuta ni jiwe nikaweka nyundo. Ami akanieleza kwamba kuta za Mji wa Kale ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa. Ni laini, na zina matundu ndani. Nyundo huyabomoa pembeni kabla ncha haijaingia, tundu likawa pana na plagi ikaelea. Mawe haya hutobolewa kwa kuzungusha tu, polepole, na ncha ndogo kwanza. Na usitoboe kwenye chokaa kati ya mawe, kwa sababu chokaa haishiki.

Aligonga ukuta kwa kitako cha bisibisi, akisikiliza, akaweka alama ya chaki kila aliposikia jiwe gumu. Kisha akachukua ubao wa mvule, akaufunga kwenye mawe hayo kwa skrubu ndefu kuliko zangu mara mbili, halafu vishikio akavifunga kwenye ubao. Uzito wa mtu sasa unagawanywa sehemu nane badala ya kubebwa na matundu mawili. Alipomaliza akaning'inia yeye mwenyewe, miguu juu.

Niliiangalia drili yake. Ya betri, 18V, imechubuka mpaka jina halisomeki. "Ina mwaka wa saba," akaniambia. "Betri nimebadilisha mbili."

Nilimlipa 3,000 zake, na 500 za ubao. Ukijumlisha na za sanduku jekundu, kazi ya 3,000 imenigharimu 8,300.

Joto, chumvi na usiku

Hata drili nzuri ikija Pwani hukutana na mambo ambayo kitabu chake hakikuyataja vya kutosha. Lithiamu haipendi joto. Betri iliyoachwa kwenye gari lililofungwa juani, au kwenye stoo ya mabati, huzeeka kabla ya wakati. Iweke ndani, mahali penye kivuli. Ukishamaliza kazi iache ipoe kabla ya kuichaji. Kama hutaitumia muda mrefu iache nusu, isiwe imejaa wala kuisha, na kila miezi mitatu iguse chaji kidogo. Betri iliyoachwa tupu kwa mwaka mara nyingi chaja huikataa kabisa.

Usichaji kitandani, wala usiku watu wamelala. Chaja ya sanduku langu ilikuwa ikichemka mpaka plastiki inanuka, na nyumba zetu zimeshikana ukuta kwa ukuta. Moto wa nyumba moja ni wa mtaa mzima. Tumia chaja iliyokuja na betri yenyewe.

Na hewa ya chumvi itakula ncha na kile kishikio chake. Tone la mafuta ya cherehani baada ya kazi, kitambaa kikavu, basi.

"Zikiuzwa hazirudishwi"

Nilirudisha lile sanduku. Kijana akanionyesha karatasi ukutani: bidhaa zikiuzwa hazirudishwi. "Mzee, ulishaitumia," akasema. Nilikuwa sina risiti, nikaondoka.

Kosa la risiti ni langu, lakini ile karatasi si sheria. Katiba ya 2010, Ibara ya 46, inampa mnunuzi haki ya bidhaa za ubora unaofaa na haki ya kupewa maelezo anayoyahitaji ili afaidike nazo. Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya 2012 inakataza maelezo ya uongo kuhusu ubora wa bidhaa, na 88V kwenye seli tano ni maelezo ya uongo. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, nayo yataka kitu kifae kwa kazi yake. Na kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa na sheria ya 2016, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1.

Najua hakuna atakayekwenda mahakamani kwa shilingi 4,800, na wauzaji wanalijua hilo. Ndiyo maana mzigo hauwezi kuachiwa mnunuzi peke yake. Shirika la Viwango, KEBS, limetuwekea njia ya kuhakiki alama ya ubora kwa ujumbe wa simu kwenda 20023, na ni vyema kuitumia kabla ya kulipa. Lakini kontena hizi hushuka hapa hapa Kilindini, mbele ya macho yetu. Betri iliyoandikwa volti 88 haihitaji maabara kuijua. Yahitaji mtu mmoja na kipima-volti. Ni haki yetu kuuliza kwa nini kipimo cha dakika moja hakifanyiki bandarini, kikaja kufanywa na mama mwenye nyonga mbovu bafuni kwake.

Drili ya mtaa

Mitaa yetu ina desturi nzuri kuhusu masufuria. Hakuna anayenunua sufuria la pilau la watu mia mbili kwa ajili ya harusi moja. Huazimwa mahali lilipowekwa kwa ajili ya wote, likarudishwa limesuguliwa. Drili ni ya namna hiyo. Nyumba kumi za kichochoro kimoja zikinunua sanduku jekundu kila moja, ni shilingi 48,000 zilizotupwa, na betri ishirini zitakazokwenda jaani, ilhali Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 imewabebesha wenye kuingiza bidhaa jukumu la taka zake. Nyumba hizohizo zikichanga 2,000 kila moja, zapata drili ya maana, betri mbili za kweli na seti ya ncha, na bado zabaki za kumlipa fundi awafundishe vijana wawili alama ya nyundo ni ya nini.

Kwetu tumeanza na nyumba sita. Drili haijanunuliwa bado. Tumekubaliana kwamba atakayekwenda dukani ni Ami, na mimi nitafuatana naye kushika risiti.

Mama sasa huingia bafuni peke yake. Anafunga mlango.